Mlio wa Saa Tatu na Dakika Kumi na Mbili

Kinyinya, Jumapili mchana

Keza mpwa wangu,

Jiwe lako bado liko palepale chini ya dirisha, juu ya yale matairi mawili ya pikipiki uliyoniambia niyatandike ili lisisikie miguu ya watu. Sijalisogeza. Mwezi uliopita mama yako alikuja kutoka Rwamagana, akashika ufagio akataka kufagia chini yake. Nikamwambia dada, acha, vumbi hilo ni la Keza. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Lakini hakufagia.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa tunasemea humu ndani, lugha ya kule Ngara, ng'ambo ya mpaka, nilikokulia mimi na mama yako. Majirani walidhani tunaficha siri. Siri gani. Tulikuwa tunabishana nani amemaliza sukari. Siku hizi sukari haiishi.

Nina jambo la kukuambia, na nikilizungusha utanicheka, kwa hiyo naliweka mezani mapema. Ule mlio wa siku ya umuganda, Jumamosi ya kazi za pamoja mtaani, ule nilioushangilia mbele yako wodini Kibagabaga, ulikuwa mkono wangu. Hakuna kitu kilichotoka angani kikapiga hodi Kinyinya. Ni mimi. Nilikudanganya, ukafa wiki tatu baadaye, na mlio wangu ukabaki ndani ya daftari lako. Halafu mwalimu wako wa chuo akapiga simu. Akasema kazi yako itachapishwa, jina lako juu, wanasubiri daftari tu. Tangu simu ile sikula vizuri mpaka Alhamisi hii.

Ngoja nianze mwanzo. Nikiharakisha nitaongeza chumvi, na wewe unanijua.

Ulikuja kwangu na begi moja na godoro, ukasema bweni lina kelele. Nikadhani ni muziki wa wenzako. Kumbe ulikuwa unatafuta mahali pa kusikiliza kitu kisichosikika. Ukanikalisha ukanieleza, mimi niliyeishia darasa la sita, na hilo la sita lenyewe nikalikalia nusu. Ukasema kuna chembe ndogo zinatoka mbali kuliko jua, zina nguvu ambayo hakuna mashine ya binadamu inayoweza kuitoa. Nyingine zinapita kwenye milima, kwenye nyumba, kwenye vifua vyetu, bila kugusa kitu. Mara chache mno, moja inagonga. Ikigonga ndani ya kitu kigumu, jiwe au chumvi au barafu, pale ilipogonga panapata joto ghafla, panavimba kidogo tu, na kule kuvimba kunatoa sauti.

Nikakuuliza jiwe linavimbaje. Ukanyoosha kidole juu. Ilikuwa asubuhi, jua ndiyo limefika kwenye paa, na bati lilikuwa linalia kama kawaida yake, tik, kimya, tik.

"Hilo hapo, Mjomba," ukasema. "Limepata joto, limetanuka, linasema. Jiwe nalo linasema, ila sauti yake ni fupi na nyembamba, sikio haliwezi kuishika."

Miaka yote nimelala chini ya bati lile, na sikuwahi kulisikiliza. Sasa nalisikiliza kila asubuhi. Ndilo peke yake linaloongea humu ndani kabla sijawasha redio.

Nilikupa lile jiwe la granaiti lililobaki kwenye kazi ya jiko la balozi. Sawa, hakuwa balozi. Alikuwa shemeji wa dereva wa balozi. Nimeamua barua hii iwe kweli tupu, hata hili nalirekebisha. Wewe ukachukua vile vidude vinne vya shaba, vyembamba kama sarafu, vile vinavyolia ndani ya kengele za mlangoni, ukavibandika kwenye jiwe kwa gundi ya karatasi, ukakaa siku mbili unalalamika kwamba havisikii. Nilitazama mara moja tu. Nikakuambia umeacha hewa chini. Mimi ni fundi wa makaro, hivi vigae vya sakafu na ukuta, Keza. Karo la sakafu likiwa na hewa chini yake linalia kama mtungi mtupu, sauti inafia hapohapo. Nikavibandua, nikasugua jiwe, nikapaka gundi nyembamba, nikakandamiza kutoka katikati kwenda pembeni mpaka hewa yote ikatoka. Ukawasha kikompyuta chako kile kidogo kama kiberiti, ukatazama mistari inavyocheza, ukanigeukia.

"Mjomba, hii ni fizikia."

Unajua nilichofanya. Nilitangazia mudugudu mzima, mtaa wetu wote, kwamba chuo kimeniita. Mama Bosco jirani yetu akaniuliza kama sasa aniite dokta, nikamwambia asubiri kwanza karatasi zitoke.

Halafu ukanipa kazi ya kugonga. Alasiri nzima niligonga lile jiwe, kwa penseli, kwa kijiko, kwa sarafu, kwa ukucha, kwa pete yangu, na wewe ukichora umbo la kila mlio. Ulisema lazima uzijue sauti za wenyeji kabla ya kutafuta ya mgeni. Uliandika mvua. Uliandika bati, pikipiki zinazopanda mlima, mlango wa choo, mbwa wa Mama Bosco, kikohozi changu. Ulipofika kwenye pete ukaniuliza nimeitoa wapi. Nikakueleza jinsi ndege ndogo ilivyoanguka karibu na Ngara, mimi nikawa mtu wa kwanza kufika, na rubani kwa shukrani akafungua nati kwenye injini akanivisha kidoleni. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Baada ya hapo ulikuwa unaniuliza tena na tena, ili uone rubani safari hii atakuwa mtu wa nchi gani.

Ni nati ya trekta. Niliipata Nyabugogo kwa muuza vyuma chakavu. Naivaa kwa kazi, maana fundi wa makaro asiye na kitu kigumu kidoleni hawezi kujua karo lipi limeshika na lipi halijashika. Unapita, unagonga, unasikia, unaendelea. Baada ya miaka mingi mkono unagonga wenyewe. Nagonga ukuta wa benki nikiwa kwenye foleni. Babu yako alipofariki niligonga jeneza lake mbele ya watu, nikasema mbao nzuri hizi. Mama yako hakunisemesha mwezi mzima.

Na kila jioni uliandika neno moja mwisho wa ukurasa. Hakuna. Jumatatu, hakuna. Jumanne, hakuna. Nilikuonea huruma, nikaona mtoto anasoma miaka yote hii aje aandike hakuna. Ukanieleza kwamba jiwe letu ni dogo mno, ni kama mtu aliyeweka kikombe kimoja uani akingoja tone moja litakaloanguka Afrika nzima. Wakubwa wa kazi hii wanataka milima ya chumvi na barafu yenye kina kirefu. Sisi tunajifunza kelele tu, ili siku moja mwenye mlima ajue zipi za kuzitupa. Nikasema basi andika hata moja, wakufurahie. Hapo ukanikazia macho.

"Hakuna ni jibu, Mjomba. Nikiandika kuna wakati hakuna, nimeharibu daftari zima."

Mimi nimekuwa mtu wa kuna maisha yangu yote. Kuna ndege, kuna balozi, kuna siku nilivuka Akagera nikikanyaga mgongo wa kiboko. Mke sikuoa, na kila aliyeniuliza nilimpa sababu tofauti, zote nzuri. Wewe ndiye mtu pekee uliyekuwa unasikiliza mpaka mwisho na bado kesho unauliza tena.

Kisha figo zako zikaanza kuchoka, ukalazwa. Ukaniachia jiwe. Kikompyuta kilikuwa kinakutumia mistari kwenye simu, mimi kazi yangu ilikuwa kuangalia umeme usikatike na kutogusa. Kutogusa, Keza. Neno moja.

Jumamosi ya umuganda ilifika. Wewe uliipenda kuliko sikukuu zote, kwa sababu mji mzima unasimama, magari hayatembei, mafundi wa ghorofa za huku juu wanatua vyuma, na jiwe linapata ukimya ambao halipati siku nyingine ya mwezi. Ulinipigia Ijumaa kunikumbusha nifunge mlango vizuri. Nikafunga, nikaenda na wenzangu kuzibua mtaro wa barabara. Tumefika, kumbe koleo langu nimelisahau nyuma ya mlango. Nikarudi. Nikafungua, nikachukua koleo, nikapita kando ya jiwe, na mkono ukafanya kazi yake. Ko. Hata sikujua kwamba nimegonga. Nilifunga nikaondoka.

Nilikuwa ndani ya mtaro simu ilipolia. Ukaniuliza saa tatu na dakika kumi na mbili nyumbani kulikuwa na nani. Sauti yako ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa wiki nyingi. Ilikuwa imeamka. Na mimi wakati huohuo nikauona mkono wangu, nikaiona pete, nikaelewa. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Watu walikuwa wanatupa tope kando yangu, mmoja ananiambia mzee tuachie simu. Nikasema, "Nani awepo? Nyumba tupu, ufunguo uko mfukoni mwangu."

Ukanyamaza. Nilidhani simu imekatika.

"Haya, Mjomba," ukasema. "Basi sawa."

Mchana nilikuja wodini na suruali yenye matope, na hapo sikuacha kitu. Niliwaambia wauguzi, niliwaambia wagonjwa wa vitanda vyote sita, kwamba mtoto wetu amenasa kitu kutoka mwisho wa dunia na zaidi, kimepita mawinguni, kikaacha miji yote mikubwa, kikachagua Kinyinya. Muuguzi mmoja akaniuliza, "Mzee, hii maneno iko kweli?" Nikamwambia muulize mwenyewe. Wote wakakutazama. Wewe ulikuwa umelala umeinamisha kichwa upande wangu. Ulitabasamu. Ukasema tu kwamba mlio ulikuwa mzuri, ulisikika vizuri sana. Kisha ukashika mkono wangu ukawa unaizungusha ile pete kidoleni, taratibu, ukaniuliza nilisema nimeitoa wapi. Nikasimulia. Safari hii rubani alikuwa Mrusi na analia. Wodi nzima ilicheka, hata yule bibi wa dirishani aliyekuwa hajacheka tangu aletwe.

Nilirudi nyumbani nikijipongeza. Nilisema nimempa mtoto zawadi. Ulipotutoka, wakati wa mazishi, wengine wakitafuta cha kujifariji, mimi nilikuwa nacho. Nilikuwa nasema moyoni, angalau amekwenda akijua amekisikia kile alichokitafuta.

Halafu simu ya mwalimu, na zawadi ikageuka. Mama yako alinipa daftari kwenye bahasha, akasema wewe uko Kigali, lipeleke. Nililiweka juu ya kabati. Wiki ya kwanza nikasema nina kazi Kibagabaga. Wiki ya pili nikasema nina mafua. Sikuwa na ujasiri hata wa kulifungua. Nilikuwa najua kilichomo: kurasa na kurasa za hakuna, safi kama sakafu iliyopimwa kwa pimamaji, na katikati karo moja lenye hewa chini, langu. Nikinyamaza, jina lako linachapwa juu ya uongo wangu, na siku moja mtu mwenye akili atagonga hapo na kusikia mtungi. Nikisema, nakunyang'anya kitu pekee ulichokipata. Niligombana na nafsi yangu kama watu wawili, tena hakukuwa na mtu wa tatu wa kutuamua. Ungekuwapo ungetuamua.

Alhamisi nilivaa koti, nikapanda basi. Mwalimu wako ni yule mama mrefu aliyesoma salamu za chuo siku ya mazishi. Akanipa kiti. Nilikuwa nimepanga kuanza na habari za hali ya hewa, lakini nilipokaa nikajikuta nimeshasema. Umuganda, koleo, mkono, simu, wodi. Nilisema yote bila kuongeza rubani wala kiboko, na nilipomaliza nilikuwa nimelowa jasho kama mtu aliyebeba saruji. Nikamwomba aufute mstari ule, lakini asikufute wewe.

Alifungua bahasha, akapekua mpaka siku ile, akasoma, akavua miwani. Kisha akaligeuza daftari likanitazama.

Uliandika ukiwa kitandani, herufi zinapanda na kushuka, lakini nimezisoma mwenyewe bila msaada. *Saa tatu na dakika kumi na mbili. Pete ya Mjomba. Mlio mrefu, wa chini. Amerudi kuchukua kitu. Nimemwacha asimulie. Chembe: hakuna.*

Mwalimu akanionyesha ukurasa wa nyuma, wa ile alasiri ya kugonga. Mchoro wa pete uko pale, na jina langu. Ni ule ule. Akasema chembe ingepanda mara moja na kushuka mara moja, kwisha, lakini pete inaimba kama kengele mpaka inachoka. Akasema hata yeye angeujua. Nililigonga jiwe mwenyewe siku ile, Keza, na nikasahau kwamba ulikuwa unanichora.

Basi uliniuliza nani yuko nyumbani huku ukijua. Ulinyamaza kwenye simu huku ukijua. Ukaizungusha pete kidoleni mwangu mbele ya wodi nzima, na mimi nikaendelea na Mrusi.

Nimekaa na jambo hilo siku tatu. Kuna saa nacheka peke yangu, nasema mtoto huyu. Kuna saa kicheko kinakatika, kwa sababu ile faraja ya mazishi nayo imeondoka, hukwenda ukiwa umekisikia kitu chochote. Ulikwenda na hakuna yako. Lakini ilikuwa safi. Nililiogopa daftari lile bure, hakuna mahali linapolia.

Mwalimu alinionyesha na ukurasa wa kwanza. Umeandika jinsi vidude vilivyobandikwa, kutoka katikati kwenda pembeni, na kando yake: *njia ya Mjomba*. Akasema hilo litachapishwa kama lilivyo. Nimetoka pale na habari ambayo ni kweli tupu, ya kwanza kubwa maishani mwangu, nikapita kwa Mama Bosco, akaniuliza chuo kimesemaje. Nikamwambia wamenipa chai. Sikuweza kumsimulia. Nilitaka kukusimulia wewe.

Mengine ni haya. Pikipiki nyingi sasa ni za umeme, zinapanda mlima kimya, mistari yako ingependeza. Jirani wa chini anamwaga zege ghorofa ya tatu. Mama yako anakula kidogo, lakini anakula. Godoro lako nimelikunja, kisha nikalikunjua. Jana nilipika ugali wa watu wawili.

Mwalimu ameniuliza kama jiwe lichukuliwe au libaki. Nikasema libaki. Kikompyuta kinamtumia yeye mistari sasa, ila anahitaji mtu wa kuandika kelele za nyumba, mvua imeanza saa ngapi, nani kapita. Amenipa daftari jipya. Nilimwambia mwandiko wangu ni wa kifundi, akasema haidhuru.

Kwa hiyo nakuahidi, mpwa wangu. Nitaandika kila siku ambayo Mungu atanipa, na sitaongeza kitu. Pete nimeitundika kwenye msumari mlangoni. Naivaa nikitoka kwenda kazini, naivua kabla sijaingia ndani. Kidole kimebaki na alama, kinagonga hewa, nakiacha kigonge. Na tone lako likianguka kwenye kikombe chetu, utakuwa wa kwanza kuambiwa, na nitakuambia jinsi lilivyo, bila rubani.

Pumzika sasa. Mimi niko hapa, nasikiliza.

Mjomba wako

*Jumapili. Bati, asubuhi. Mvua fupi, saa nane. Mbwa wa Mama Bosco. Kikohozi changu mara mbili. Kalamu, kwa sababu naandikia kwenye kizingiti cha dirisha. Chembe: hakuna.*